Mchicha wa mbalamwezi: kisa cha mkulima wa mboga bonde la Luiche

Kwenye daftari la mama huyu kuna mstari nilioupita zaidi ya mara tatu kabla haujanishtua. Umeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa duara wa binti yake aliyekuwa kidato cha pili: "Tar. 14. Mchicha mafungu 120. Yamelipwa 65. Mengine yamerudi yamelala." Mchicha kulala ndiko kunyauka, na ukishalala ni wa mbuzi.

Mimi ni afisa ugani. Mabondeni bado tunaitwa bwana shamba na wenzetu wa kike bibi shamba, na sijawahi kuona sababu ya kukataa jina hilo. Kisa kinaanzia Julai 2023 na nakikomesha Oktoba 2024, ingawa chenyewe hakijakoma. Jina la mama sitalitaja kwa sababu ameniomba nisilitaje. Wachuuzi wake wawili sitawataja kwa sababu sikuwaomba.

Mto Luiche unaingia Ziwa Tanganyika kusini kidogo ya Ujiji, mkoani Kigoma. Kabla ya kufika ziwani unatanuka na kuacha bonde la udongo mweusi: masika watu wanalima mpunga, kiangazi wanalima mboga. Mama ana matuta 24, kila moja upana wa mita moja na urefu wa hatua kumi au kumi na mbili. Anapanda mchicha na chainizi, ngogwe (nyanya chungu) mistari michache, nyanya kidogo. Pembeni kuna matembele yaliyojitambalia na safu mbili za mihogo ya kuchuma sombe, yaani kisamvu. Nilipomuuliza hizo za pembeni anauza bei gani, alinishangaa. "Hizo za nyumbani, bwana shamba." Shikilia jibu hilo, tutalirudia.

Maji anachota kwenye visima vifupi anavyochimba kila mwaka maji ya mto yakishuka. Juni unainama tu na kujaza keni. Septemba unashuka vidaraja alivyochonga ukutani mwa kisima, keni moja kila mkono, na kupanda nazo zikiwa zimejaa. Kisima cha kudumu hawezi kujenga pale, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na nusu ya matuta yake yamo humo. Sina la kubishana na sheria hiyo. Naitaja kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini alikuwa anapanda vile alivyokuwa anapanda: tuta moja leo, jingine keshokutwa, kadiri mgongo unavyoruhusu. Hivyo mavuno yake yalitawanyika sawasawa mwezi mzima, kila siku mboga kidogo. Mimi niliuona utaratibu huo kuwa mzuri sana, hata nikausifia mbele ya wakulima wengine.

Malalamiko yake yalikuwa mafupi: wachuuzi wanamla.

Kwa asiyejua biashara hii, mali kauli inakwenda hivi. Mchuuzi anafika shambani alfajiri, anahesabu mafungu, anapakia kwenye beseni au baiskeli na kuondoka bila kulipa. Akiuza, anarudisha pesa jioni au kesho yake. Hakuna karatasi wala shahidi, ni neno tu. Utaratibu huu unawasaidia wote wawili: mchuuzi hana mtaji, na mkulima hana muda wa kukaa sokoni huku matuta yanasubiri maji. Mama alikuwa anatoa fungu kwa shilingi 200, mchuuzi anauza 300. Siku nzuri mafungu 120 yaliingiza 24,000. Siku mbaya, kama ile ya mstari wa kalamu ya bluu, ziliingia 13,000 pamoja na furushi la majani yaliyolala. Na ushuru wa soko mchuuzi alikuwa ameshaulipa asubuhi, kwa hiyo alirudi amekasirika yeye pia.

Hapa ndipo uzito wa kisa ulipo, na mimi niliuona mwishoni kabisa. Katika mali kauli, mboga isiyouzika inarudi kwa mkulima. Mchuuzi anapoteza siku yake na nauli yake, lakini mchicha uliokufa ni wa mkulima. Kwa hiyo chochote kinachotikisa mfuko wa mnunuzi wa mwisho, huko mjini au mwaloni, kinashuka moja kwa moja hadi kwenye tuta la mtu ambaye hajui hata kimetokea nini.

Dawa zangu za kwanza zilikuwa za kitabuni. Nilimkagulia vidukari kwenye chainizi, nikamwonyesha namna ya kukata mchicha asubuhi mapema kabla ya jua na kuufunika kwa gunia bichi ili usilale njiani. Ushauri huo si mbaya, mpaka leo anaufuata. Lakini nilimshauri pia aongeze mavuno, kwa hoja kwamba mkulima anayelalamika bei ndogo afidie kwa wingi. Akaongeza matuta ya chainizi, akaweka mbolea, chainizi zikaja pana kama masikio ya tembo. Agosti hiyo mafungu yaliyorudi yaliongezeka kuliko Julai. Siku moja nilimkuta anawamwagia mbuzi wa jirani chainizi nilizomhimiza kupanda. Hakunisema kitu. Ningependa angenisema.

Nikaamua basi tatizo ni uaminifu. Nilimvizia mchuuzi mmoja njia ya kwenda mwalo wa Katonga, mama mtu mzima, nikamuuliza inakuwaje siku nyingine anauza yote na siku nyingine nusu. Aliniangalia toka viatu mpaka kofia.

"Bwana shamba, wewe unakaa wapi?"

Nikamwambia nakaa Mwanga, mjini Kigoma.

"Basi hujui. Vyombo vimekaa. Nenda Kibirizi ukavione, vimekaa."

Akaondoka na beseni lake. Kwenye kumbukumbu zangu za ziara niliandika: "Wachuuzi wana visingizio vingi." Sentensi hiyo bado ipo na sijaifuta.

Daftari lilikuwa wazo langu, na nilitaka litumike kuwabana wachuuzi. Binti akapewa kazi: kila siku aandike yaliyotoka, yaliyolipwa na yaliyorudi. Baada ya wiki kadhaa nilipitia kurasa na kuona jambo la wazi. Siku mbaya zilijikusanya kati ya tarehe 11 na 18, mwezi baada ya mwezi. Nikafurahi, kwa kuwa maelezo nilikuwa nayo tayari: katikati ya mwezi mishahara imekwisha, watu wanabana matumizi. Nilimweleza mama kwa kujiamini. Akaitikia kwa adabu, "Sawa, mwanangu," namna mtu anavyomwitikia kijana aliyesoma.

Mwishoni mwa Septemba, Maulidi imetoka kusomwa, nilifika shambani na kumkuta binti amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anaandika. Nikachungulia. Alikuwa ameandika "Tar. 13".

"Binti, leo ni tarehe 29."

"29 ya serikali, bwana shamba. Mimi naandika ya kalenda ya jikoni."

Kalenda ya jikoni ni ile karatasi moja ya msikitini, imebandikwa nyuma ya mlango wa jiko na imeshaanza kuwa na mafuta ya mawese pembeni. Ina tarehe za aina mbili, na za Kiislamu ndizo zilizopigwa chapa kubwa. Binti alikuwa ameandika daftari zima kwa miezi ya mfungo, ile ya Kiislamu inayohesabiwa tangu Ramadhani iishe: mfungo nne, tano, sita. Hakukosea. Mimi ndiye sikuuliza.

Nilikaa chini pale pale na kuanza kubadilisha tarehe. Siku mbaya za kwanza ziliangukia karibu na 1 Agosti. Za pili karibu na 31 Agosti. Za tatu ndizo zilizokuwa zinaanza siku ile, 29 Septemba. Zote ni mwisho au mwanzo wa mwezi wa kawaida, wakati mishahara imetoka na mimi mwenyewe nina pesa mfukoni. Hoja yangu ya mishahara ikafia pale kwenye tope. Halafu nikainua macho, si kwa kutafuta kitu, na kumkumbuka mama aliyeniambia vyombo vimekaa. Tarehe 1 Agosti, 31 Agosti na 29 Septemba 2023 mwezi ulikuwa mpevu.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi wanaingia ziwani giza likishika, wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanavutwa na mwanga na kukusanyika, ndipo wavu unainuliwa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola, lakini kanuni ni ile ile: taa inafaa kitu pale tu penye giza. Mwezi ukipevuka ziwa zima linamulikwa, dagaa wanatawanyika, na taa ya mvuvi inakuwa mshumaa mchana. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku saba, nane, hata kumi ambazo vyombo vinakaa. Wavuvi wanashona nyavu, wanalala, wanakwenda kusalimia kwao. Kisha mbalamwezi inapungua na giza linarudi.

Haya kila mtoto wa Kibirizi anayajua. Nisichokuwa nimekiunganisha ni kwamba giza lile ndilo siku ya malipo ya nusu ya mji. Chombo kikitia nanga alfajiri, pesa inaanza kutembea papo hapo: tajiri wa chombo anauza, wavuvi wanagawiwa, wabebaji wanalipwa kwa beseni, akina mama wa kuanika wanalipwa, mama lishe anauza chai na chapati kwa wote hao. Ikifika saa tatu asubuhi pesa hiyo imeshafika kwenye genge la mboga. Hakuna anayesubiri mshahara wa tarehe 25. Mwezi ukipevuka, mnyororo mzima unalegea, na mtu wa mwisho kwenye mnyororo ni mama mwenye keni mbili bondeni ambaye hajawahi kupanda chombo maishani mwake.

Mama mwenyewe nilipomweleza alicheka mpaka akakaa. Tarehe 13, 14 na 15 za kalenda ya jikoni ndizo siku nyeupe ambazo yeye hufunga sunna kila mwezi. "Yaani siku ninazofunga mimi, mboga nazo zinafunga!" Alikuwa anajua kwamba kuna siku soko linakuwa zito. Alikuwa anajua mbalamwezi. Alichokosa ni kuviweka ukurasa mmoja, na mimi niliyekuwa na huo ukurasa nilikuwa nausoma kwa kalenda isiyo yake.

Hapo mtu angesema basi, apande kwa ajili ya giza, kisa kimekwisha. Karibu tuseme hivyo. Ila binti aliuliza swali lililonipunguza mwendo: kama dagaa hakuna, watu wanakula nini?

Tukarudi kwenye daftari na kutenganisha mboga. Nyanya na ngogwe zilianguka vibaya sana wakati wa mwezi mpevu. Inaeleweka, kwa sababu jikoni kwa watu wa hapa hivyo ni viungo vya dagaa: mawese, kitunguu, nyanya, ngogwe mbili tatu, dagaa juu. Dagaa wakikosekana au bei ikipanda, nyanya inabaki haina wa kumsindikiza. Chainizi nayo ilianguka, mboga ya mtu mwenye pesa kidogo ya ziada. Lakini mchicha ulianguka kidogo kuliko vyote, na kuna siku mbili za mwezi mpevu ambazo uliuzika karibu wote, kwa sababu binti alikuwa amefunga mafungu madogo ya kuuza shilingi 100. Siku hizo majani yalikuwa yamepanda cheo, kutoka mboga ya pembeni hadi kitoweo chenyewe. Watu walikuwa wanakula. Walikuwa wanakula kwa sarafu ndogo.

Nadhani hili ndilo la maana kuliko yote yaliyomo kwenye daftari, na halikutoka kwangu.

Mpango uliotengenezwa Oktoba ulikuwa hivi. Mchicha unakomaa kwa wiki tatu na nusu hadi nne. Mwezi wa juu unazunguka kwa siku 29 na nusu. Maana yake siku unayong'oa na siku unayopanda zinakaribiana: ng'oa tuta leo, fukia samadi, kesho rusha mbegu, na tuta hilo litakuwa tayari giza lijalo katika siku zile zile. Matuta mengi yakapangiwa kung'olewa kati ya tarehe 21 ya kalenda ya jikoni na tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Siku za katikati zikaachwa za palizi, samadi na kitalu. Chainizi akarudisha ilivyokuwa kabla yangu. Nyanya haiwezi kupangwa hivyo, inachumwa wiki nyingi mfululizo, kwa hiyo tulikubaliana jambo dogo tu: mwezi ukikaribia kupevuka achume zile zinazoanza kubadilika rangi, azitandaze kivulini kibandani juu ya majani makavu, zisubiri siku tano, sita.

Kisha mali kauli. Hapa mama alinizidi akili. Mimi nilitaka aiache kabisa. Yeye alisema ukimwambia mchuuzi alete pesa taslimu siku zote, atakwenda shamba la jirani. Akawaita wote wawili, akawakalisha kwenye mkeka na kuwaambia: giza mali kauli kama kawaida, chukueni hata 150. Mwezi ukianza kung'aa, pesa mkononi, fungu shilingi 150 badala ya 200, na mchukue mnayoweza. Aliyeniangalia toka viatu mpaka kofia alikubali palepale. Yule mwingine alisema atafikiria, na hakurudi. Alichukua mboga kwa jirani mpaka masika. Wiki tatu za mwanzo zilikuwa ngumu, mama alibeba beseni mwenyewe hadi soko la Ujiji, na niliogopa kwamba nimemharibia mara ya pili.

Novemba giza liliingia na matuta yakawa tayari. Mchuuzi aliyebaki alichukua mafungu 140 siku tatu mfululizo na kulipa yote. Mwezi ulipopevuka 27 Novemba, alichukua 40 tu kwa pesa taslimu, hakurudisha hata moja. Ukijumlisha mwezi mzima, mafungu yaliyotoka shambani yalikuwa machache kuliko Agosti, na pesa iliyoingia ilikuwa nyingi zaidi. Mbuzi wa jirani walikonda.

Halafu mvua za El Nino. Mwisho wa 2023 Luiche ilijaa na kutuonyesha kwamba mpango wetu ulikuwa wa kiangazi tu. Matuta kumi na sita yalikuwa chini ya maji kufikia Desemba, mengine yakawa ya mpunga kama kila masika. Miezi mitano iliyofuata sina cha kuchambua: mama alilima mpunga, akachuma mlenda uliojiotea, na kalenda ya jikoni ikawa ya kufungia tu.

Tukajiandaa kwa kiangazi cha 2024. Mei tukapanga upya, safari hii kwa matuta yote 24, na nikawa nimeshajiona mtu mwenye jambo la kuonyesha watu. Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa.

Kufungwa huko kulikuwa makubaliano ya nchi zinazopakana na ziwa, miezi mitatu hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa mpango wetu ilikuwa kama mbalamwezi ya siku tisini. Hakukuwa na giza la kulilenga. Nilifika shambani kama mtu anayeleta habari za msiba na kumkuta mama anang'oa chainizi ambazo hata hazijakomaa, anapanda matembele.

"Umeona binti aliuliza nini mwaka jana," aliniambia. "Sasa ndiyo wakati wake."

Zile za nyumbani zikawa biashara. Matembele hayasubiri kung'olewa, yanakatwa ncha na kuchipua tena, na yakikosa mnunuzi leo yanabaki kwenye mche, hayalali. Sombe vivyo hivyo, majani yako mtini hadi utakapoyataka. Ukiwa na mboga inayoweza kungoja, hasara ya mali kauli inakuwa ndogo, kwa sababu hukati mpaka mchuuzi aseme anataka ngapi. Binti alifunga mafungu ya 100, mengine akauza sombe iliyokwisha kutwangwa, kwa bakuli. Mchuuzi aliyeondoka alirudi mwezi Juni bila kuomba radhi wala kuombwa. Mapato yalishuka, sitaki kudanganya, kwenye daftari Juni na Julai ni kama theluthi mbili ya Novemba. Lakini ukurasa wa "yaliyorudi" una mistari mitupu mingi.

Agosti ilipokaribia, bonde zima lilikuwa linazungumza kufunguliwa kwa ziwa. Mzee mmoja jirani, mkulima mzuri wa nyanya kuliko mama na kuliko mimi, alikuwa amehamisha miche mwisho wa Mei ili achume katikati ya Agosti, dagaa wa kwanza wakute nyanya zake. Hesabu nzuri kabisa. Mama alitazama nyuma ya mlango wa jiko: ziwa linafunguliwa tarehe 15, mwezi unapevuka 19. Akaniambia hao watavua usiku mbili tatu halafu vyombo vitakaa tena, giza la kweli ni mwanzoni mwa Septemba. Nyanya zake alikuwa amezihamisha katikati ya Juni, hasa kwa kufuata hilo.

Ningependa kuandika kwamba mzee alipata hasara na mama akavuna pesa. Haikuwa hivyo. Siku tatu za kwanza baada ya kufunguliwa watu walikuwa na hamu ya miezi mitatu, na mzee aliuza sado la nyanya kwa bei ambayo mama hakuiona Septemba nzima. Kisha mwezi ukapevuka na matenga yake mawili yakaozea kivulini. Mama aliuza taratibu, giza lote la Septemba, kwa bei ya kati, kwa sababu na wengine walikuwa wamefikiria kama yeye na nyanya zilikuwa nyingi. Tulipokaa kulinganisha, mimi na mzee na binti na kalamu, tofauti ya wawili hao haikufika shilingi 20,000. Mzee akasema angepanda vile vile tena. Namwelewa. Kwenye nyanya, mwezi ni sababu moja kati ya nyingi, na mnyauko au gari moja la mizigo kutoka huko juu linaweza kuuzidi nguvu. Kwenye majani, ambayo hayawezi kuwekwa ndani bila kulala, mwezi ndio karibu kila kitu.

Tangu hapo kumezuka jambo jipya ambalo silipendi. Majirani sita wameniomba ratiba ya kung'oa kwa giza, na nimewapa, siwezi kuwanyima. Bonde lina akina mama wengi zaidi ya sita. Wote wakileta mchicha tarehe 21 ya kalenda ya jikoni, mwalo utakuwa wa kijani na fungu litarudi shilingi 100 hata giza likiwa nene kama wino. Nilimweleza mama hofu hiyo mwanzoni mwa Oktoba. Alikuwa ameshaiona. Kwenye matuta manne alikuwa amerusha mbegu makusudi ili zikomae mwezi mpevu, wakati wenzake wote hawana kitu cha kung'oa, mafungu madogo, pesa mkononi. Nikamwambia huko ni kubahatisha. Akaniuliza mimi huwa napanda kwa uhakika gani.

Mwezi ulipevuka 17 Oktoba. Mchuuzi alichukua mafungu 40 bila kulipa kwanza, na kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi na pesa za 38. Mawili alikuwa amempa mlinzi wa vyombo pale Katonga, ambaye amesema atalipa giza likiingia.